Kocha, Meneja, Mume: Kuzuia Dhuluma dhidi ya Wasichana katika Kambi za Riadha

Katika kambi za riadha za Bonde la Ufa nchini Kenya, dhuluma dhidi ya wasichana mara nyingi huanza na fadhila. Msichana wa sekondari anayeng'ara kwenye mashindano ya kaunti hutokewa na mtu wa kumnunulia viatu vya mbio, ambavyo wazazi wanaotegemea kishamba cha mahindi hawavimudu. Mtu huyo humlipia chumba katika mji wa Iten na kumtafutia mbio za kwanza ng'ambo. Hujiita kocha, baadaye huwa meneja, na pengine mume. Pasipoti na kadi ya benki hukaa kwake. Zawadi ya mbio ikiingia, ploti hununuliwa na hati hutoka kwa jina la mwanamume huyo. Ikifika hapo, mwanamke anayetaka kuondoka hupoteza kazi, nyumba na akiba kwa siku moja.

Visa viwili viliuanika ukatili huu duniani. Septemba 2021 Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Wiki chache baadaye, huko Endebess katika kaunti ya Trans Nzoia, aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha moto. Alifariki Septemba 5 hospitalini Eldoret. Nyuma ya tukio hilo kulikuwa na mzozo wa ardhi ambako Cheptegei alijenga nyumba.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 humwadhibu anayetumia vibaya nafasi ya kuaminiwa, na ile ya 2015 kuhusu dhuluma za nyumbani huiruhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi. Kinachokosekana ni mlalamishi aliye huru kulalamika.

Kwa hiyo, kuwafundisha wasichana kukataa ni nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Kinga hasa ni kuyagawa mamlaka: anayefundisha mbio asishike pesa, na anayetafuta mashindano asiwe mwenye nyumba. Akaunti ya benki iwe ya mwanariadha mwenyewe, na kabla ya kulipia ploti apeleleze kwa msajili wa ardhi jina lililoandikwa. Aliye chini ya miaka 18 asilale kambini bila mlezi wa kike, wala asikandwe misuli kwenye chumba kilichofungwa. Hayo yanaonekana madogo, lakini ndipo mlango ulipo.

Wanariadha wenzake Tirop walianzisha shirika la Tirop's Angels, linalowasaidia waathiriwa na kuzungumza na vijana. Wavulana nao wahusishwe, kwani baadhi yao ndio makocha wa kesho.

Malalamiko yapite nje ya kambi, maana afisa wa michezo wa eneo huenda ni rafiki wa kocha. Simu za bure za kuomba msaada ni 1195, na 116 kwa watoto. Aliyebakwa afike hospitalini ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, bila kuoga kwanza, na nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ili ushahidi usiharibike.