Matokeo ya Mtihani wa Wilaya: Tuulize Nani Hakuhesabiwa

(Hotuba iliyosomwa na ndugu mmoja wa karakana mbele ya mkutano wa tawi. Wanachama waliomba ichapwe.)



Katibu aliniomba niseme juu ya matokeo ya mitihani ya shule, maana mnajua jinsi mkutano uliopita ulivyovunjika kwa kelele za jambo hili. Wengine walisema shule yetu imeanguka na waalimu wafukuzwe. Wengine walisema tuwahamishe watoto wote tuwapeleke katika ile shule yenye bango kubwa barabarani. Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikatafuta kazi. Lakini kujumlisha na kugawanya nilifundishwa huko misheni kwa fimbo, na kwa jambo la leo hesabu hiyo yatosha.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe. Nilipokuwa darasa la saba, mwisho wa mwaka, mwalimu mkuu alituita watoto kumi na mmoja, akatuambia hatutapanda darasa la nane, tutarudia. Baba yangu alikwenda shuleni kuuliza. Akasema, "Mwalimu, mtoto huyu ameshindwa nini?" Akajibiwa, "Hakushindwa, Mzee, lakini akifanya mtihani sasa atatuvuta chini." Baba hakuelewa neno hilo. Alidhani ni habari ya tabia yangu, na nyumbani nilipigwa kwa ajili yake.

Mwezi wa Januari tuliorudi shuleni tulikuwa saba. Wanne hawakurudi tena. Na mtihani wa mwaka ule ulipofanywa bila sisi, shule yetu ilipanda sana katika orodha ya wilaya, wazazi wakafurahi, wakachinja mbuzi. Nyama niliila mimi pia, sitawaficha. Tukiwa katika kula, mmoja wa wale wanne alipita njiani akichunga mifugo ya watu, akasimama kidogo kutazama, kisha akaenda zake. Basi tangu siku ile, nikisikia kwamba shule fulani imepanda, au wilaya fulani imeshuka, mimi huuliza kwanza: ni nani waliohesabiwa?

Sasa tuiweke hesabu yenyewe ubaoni. Tuseme kuna darasa lenye watoto 40. Watoto 30 wanapata alama 300 kila mmoja, na watoto 10 wanapata 180 kila mmoja. Jumla ya alama zote ni 10,800. Ukigawanya kwa 40, wastani ni 270. Haya, mwaka huo huo mwalimu mkuu awaambie wale 10 warudie darasa, au waandikishwe kufanya mtihani kwa jina la kituo kingine. Wastani umekuwa 300. Umepanda alama 30, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefundishwa neno jipya. Hakuna kitabu kilichonunuliwa, wala dawati. Gazeti litaandika kwamba shule imefanya vizuri, na wale 10 hawatatajwa mahali popote.

Sisi watu wa reli twafahamu jambo hili. Gadi akitoka stesheni na mabehewa ishirini, akafika mwisho wa safari na kumi na tano, haruhusiwi kuandika kwamba mabehewa yote yaliyofika yamefika salama, akaenda kulala. Ataulizwa matano yako wapi. Lakini katika shule twapokea taarifa ya namna hiyo kila mwaka, na twapiga makofi.

Mtu atauliza, orodha hizi zilitoka wapi? Hazikuletwa kwa nia mbaya. Katika miaka ya 1970, watoto walipokuwa wakifanya mtihani wa C.P.E., Wizara ya Elimu ilikuwa na kitengo cha utafiti wa mitihani, na ndani yake alifanya kazi bwana mmoja jina lake Anthony Somerset. Yeye na wenzake waliona kwamba mtihani ule ulikuwa ukipima kukariri kuliko kufikiri, nao wakajitahidi kubadili maswali. Tena walianza kupeleka habari shuleni kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya kupanga wilaya na shule, nani wa kwanza na nani wa mwisho. Ya pili ilikuwa jarida lililowaeleza waalimu maswali gani yaliwashinda watoto, ni jibu lipi la makosa walilolichagua, na kwa nini. Nadhani ndugu zangu mmekwisha kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyopendwa na watu. Orodha ilishika nchi nzima, wabunge wakaisimamia, machifu wakaisoma barazani. Jarida lile la kumsaidia mwalimu, ambalo kwangu ndilo lililokuwa mali, mzazi wa kawaida hakulisikia hata siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katika mtihani wa K.C.P.E., ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023, alama zilizoandikwa katika karatasi ya mtoto hazikuwa hesabu tu ya maswali aliyojibu sawasawa. Zilisawazishwa kwanza, hata wastani wa nchi nzima katika kila somo ukaangukia karibu na 50 katika 100. Masomo yakiwa matano, wastani wa nchi ulikuwa karibu 250 katika 500. Mtihani uwe mgumu, uwe mwepesi, wastani ulirudi pale pale. Maana yake ni hii: alama zile zilikuwa zinaonyesha mahali mtoto aliposimama katika foleni, si umbali aliotembea. Wilaya moja ikisogea mbele, nyingine hurudi nyuma, hata kama watoto wa zote mbili wamejifunza zaidi kuliko mwaka uliopita. Basi tulipomlaumu mwalimu kwa kuwa wilaya imetoka nafasi ya kumi ikaenda nafasi ya kumi na nne, labda watoto wake walikuwa wamesonga mbele, ila wengine walisonga zaidi. Orodha haikuweza kutuambia.

Kumbukeni pia mwaka 2003, karo ilipoondolewa katika shule za msingi. Watoto walioandikwa shuleni walitoka karibu milioni 5.9 wakafika karibu milioni 7.2. Waliingia watoto wa maskini, na wakubwa waliokuwa wamekaa nyumbani, darasa moja likajaa kama behewa la daraja la tatu wakati wa Krismasi. Mtu akitazama wastani peke yake anaweza kusema shule za serikali ziliharibika. Mimi nasema zilifungua mlango. Ni nani kati yetu humu ndani ambaye hana ndugu aliyeingia kwa mlango ule?

Sasa niwape habari ya Busia na Teso, kwa sababu inatuhusu sisi watu wa mshahara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika moja la msaada lilichagua shule 50 huko, likasema waalimu wa shule ambazo watoto wake watafanya vizuri katika mitihani watapewa zawadi. Walikuwa wajanja kidogo, maana waliweka sharti: mtoto asiyefanya mtihani atahesabiwa kama aliyepata alama ya chini sana. Hivyo mwalimu hakupata faida kwa kumficha mtoto. Na kweli, watoto waliofanya mtihani waliongezeka. Sharti dogo tu, la mstari mmoja, nalo lilizuia ule mchezo nilioueleza.

Lakini sikieni yaliyofuata. Wataalamu waliochunguza kazi ile, akina Paul Glewwe na Michael Kremer, waliona kwamba alama zilipanda wakati zawadi zilipokuwapo. Waalimu waliongeza vipindi vya kuwafanyisha watoto mazoezi ya mtihani. Kukosa kazini hakukupungua, wala kazi za nyumbani hazikuongezeka. Zawadi zilipokwisha, watoto wale hawakuonekana kuwa mbele ya wengine. Walikuwa wamefundishwa kufanya mtihani ule, kisha ukapita.

Kwa hiyo wakija watu kutuambia mwalimu alipwe kwa alama za watoto, sisi wanachama tufikiri mara mbili kabla ya kuitikia. Tunajua kazi ya kulipwa kwa kipande. Fundi akilipwa kwa hesabu ya magurudumu anayoyatoa karakanani, atatoa mengi, na siku moja gari litaanguka njiani. Waalimu wana chama chao, K.N.U.T., tangu mwaka 1957, na mara nyingi wamesimama nasi. Sisemi kila mwalimu ni malaika. Wako wavivu, nami niliwaona. Nasema tu kwamba wastani hauwezi kutuonyesha nani mvivu.

Mwaka 2014 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku kupanga shule na watoto kwa nafasi. Wengi walishangilia, wengi walilalamika. Kwa maoni yangu dawa ile haikutosha. Orodha ya serikali ilikoma, lakini shule zenyewe zilipiga hesabu zao, zikatundika mabango yenye picha za watoto watano bora. Hao watano ni kati ya wangapi? Bango halisemi. Kuficha hesabu si sawa na kuitoa kwa ukamilifu, na mzazi aliyenyimwa hesabu ya kweli atanunua ya bango.

Siku hizi mambo yamebadilika tena. Watoto wa mtaala mpya hufanya K.P.S.E.A. darasa la sita, tangu mwaka 2022, na K.J.S.E.A. darasa la tisa, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Hawapewi alama katika 500, wanapewa ngazi: aliyezidi matarajio, aliyefikia, anayekaribia, na aliye chini ya matarajio. Katika kuwapanga kwenda sekondari ya juu, mtihani wa darasa la sita huchukua 20 katika 100, kazi zilizopimwa shuleni huchukua 20, na mtihani wa darasa la tisa 60. Mimi naona ngazi ni afadhali, kwa sababu watoto wote wa darasa wanaweza kuifikia bila kusukumana. Lakini mchezo wa zamani unaweza kurudi kwa mlango mwingine. Mwenzetu mmoja wa hapa karakanani, ambaye yuko humu ndani na amenipa ruhusa kusema, aliitwa mwaka huu akaambiwa amtafutie binti yake shule nyingine kabla ya darasa la tisa, kwa kuwa "hawezi kasi ya hapa". Karo amelipa yote. Binti hana kosa la adabu. Ni maneno yale yale aliyoambiwa baba yangu, ila yamevalishwa koti jipya.

Kwa hivyo nimeandika maswali manne ya kupeleka kwenye mkutano wa wazazi. Watoto wangapi walikuwa katika kundi hili walipoingia darasa la saba, na wangapi wamefanya mtihani wa darasa la tisa? Waliopungua wamekwenda wapi, mmoja mmoja? Je, kuna watoto wa shule hii walioandikishwa kufanya mtihani katika kituo kingine? Na swali la nne, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: ni jambo gani lililowashinda watoto wengi, na mwalimu anahitaji nini ili kulifundisha tena? Swali hili tuliulize kwa adabu, kwa sababu huenda jibu likawa vitabu au waalimu wawili zaidi, na hapo itabidi sisi tusimame naye mbele ya wakubwa.

(Hapa mwanachama mmoja aliuliza: "Na mwalimu mkuu akikataa kujibu?")

Ndugu, rejista ya shule ipo, na wazazi wana wajumbe wao katika halmashauri ya shule. Wajumbe hao waombe rejista isomwe mkutanoni. Akikataa, tuandike katika kumbukumbu kwamba amekataa, na siku gani, na mbele ya nani. Sisi wa chama tumezoea kuandika kumbukumbu.

Maswali hayo manne Katibu ameyapiga chapa, nakala ziko mezani karibu na mlango. Mwenzetu mwenye binti atakwenda shuleni Jumamosi saa nne asubuhi. Mimi nitakwenda naye, na nataka watu wengine wawili, ikiwezekana mmoja awe mama. Waandike majina yao kwa Katibu kabla ya kutoka.