Neno la Mshauri Bado Lina Uzito

Mwaka 2020 watafiti wa Microsoft na wa SilverCloud, kampuni ya Ireland, walitumia akili mnemba kuchambua jumbe 234,735 ambazo washauri waliwaandikia watu wanaopata tiba ya sonona na wasiwasi kupitia programu ya mtandaoni. Swali lilikuwa hili: ikiwa masomo ya programu ni yale yale, kwa nini wagonjwa wa mshauri mmoja hupata nafuu zaidi kuliko wa mwingine?

Jibu lilionekana kwenye maandishi. Washauri waliofanikiwa zaidi walitia moyo, walitaja mambo mahususi, na waligusia mwenendo wa kijamii.

Uhusiano wa takwimu peke yake hauthibitishi chanzo. Hata hivyo, funzo ni zito kwa serikali inayotarajia programu izibe pengo la wataalamu wa afya ya akili. Akili mnemba imsaidie mshauri aandike vizuri zaidi, isimwondoe kazini. Nayo mawasiliano ya wagonjwa na washauri ni siri za wagonjwa. Yasichambuliwe bila ridhaa yao, wala kabla ya majina kuondolewa.