Barua ya Afiya: Malezi ya Ndugu katika Riwaya ya Abdulrazak Gurnah



Tangu Abdulrazak Gurnah apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, kauli moja inarudiwa katika semina zetu, nayo inanikera. Inasemwa kwamba riwaya zake ni za waliovuka bahari, na kwamba mtoto kutenganishwa na wazazi, kulelewa na wengine na kujiuliza yeye ni nani, ni matatizo ya Ulaya. Huku kwetu, wanasema, ukoo ni mpana na mtoto hakosi kwao. Wanaosema hivyo ni wasomi ninaowaheshimu, lakini wamekosea, na kosa lao linaumiza watoto walio hai.

Twendeni kwa Afiya, binti wa riwaya yake ya Afterlives ya mwaka 2020, inayoanzia enzi za utawala wa Wajerumani huku kwetu. Kaka yake, Ilyas, alichukuliwa na askari wa Kijerumani akiwa mdogo, akasomeshwa misheni. Aliporudi kijijini alikuta wazazi wamekufa na dada yake yuko kwa watu wengine, anafanyishwa kazi. Akamchukua, akaishi naye mjini, akamfundisha kusoma na kuandika. Kisha vita vya 1914 vikakaribia, Ilyas akajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake, na Afiya akarudishwa kulekule alikotolewa. Mlezi alipogundua kwamba binti anajua kuandika, alimpiga hadi akamvunja mkono.

Hapo hakuna meli wala pasipoti. Mwenye fimbo ni mtu ambaye mtoto alifundishwa kumwita mjomba.

Tazameni mwandishi anavyomwokoa. Afiya anaandika maneno machache na kuyatuma kwa Khalifa, rafiki wa kaka yake, ambaye hana damu naye hata tone. Khalifa anakuja kumchukua. Nimekisoma kisa hiki na wanafunzi wa kila mwaka, na kila mara naona darasa linatulia mahali palepale: barua inapofika. Gurnah hapambi neno. Anamwacha mtu huyo, mwenye baba Mgujarati na mama Mwafrika, afanye jambo la kawaida kabisa, aitike alipoitwa. Hata nyumbani kwake mambo si shwari moja kwa moja. Mkewe, Bi Asha, anampokea vizuri, halafu binti akikua anakuwa mkali na kutaka kumwoza haraka. Ndiyo maana naiamini riwaya hii. Haijengi nyumba ya wema mtupu ili tufarijike.

Najua nitajibiwa kwa mifano ya hapahapa, na ni mifano mizito. Waarusha wa mteremko wa Meru walipokea Wamaasai wengi walioporomoshwa na sotoka na njaa ya miaka ya 1890, na watoto wao wakawa Waarusha. Miongoni mwa Wamaasai, mwanamke asiyezaa hupewa mtoto amlee awe wake. Sikatai. Nimelelewa katikati ya desturi hiyo. Nyumbani kwetu aliletwa binti wa ndugu wa marehemu baba, akawa dada yetu. Siku ya kujaza fomu za darasa la saba alisimama mlangoni akamuuliza mama, “Mama, hapa pa jina la mzazi niandike nani?” Mama alikaa kimya, kisha akamwambia aandike jina la baba yake mzazi. Usiku ule alilia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alikula tulichokula, alivaa tulichovaa. Bado alikuwa na swali, na ukoo wetu mpana haukumpa mahali pa kuliuliza.

Na tukitoka hapa Kisongo tukapita mjini hadi Tengeru, tutakuta makaburi ya Wapolandi waliopewa hifadhi huko kuanzia 1942, watu wapatao 5,000. Mwaka 1949 watoto yatima zaidi ya mia moja walisafirishwa kutoka Tengeru hadi Canada, huku serikali ya Poland ikidai wameibiwa. Kila upande ulidai kumiliki utaifa wao. Tofauti yao na Afiya ni bendera tu. Wakubwa ndio waliogombania jibu la swali la mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kuasili na wa malezi ya kambo, na ni vyema. Lakini watoto wengi nchini hawapiti mahakamani, wanapelekwa kwa shangazi kwa basi. Kwa hao nina imani moja ambayo hakuna mjadala ulioniondolea: usimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote, awe wa damu au asiwe, bila kumwachia njia ya kuita na mtu wa kuitika.

Ndiyo maana siungani na wenzangu wanaomsamehe Ilyas kwa kisingizio cha vita. Mwana wa Afiya, aliyepewa jina la mjomba huyo, baadaye anakwenda Ujerumani kutafuta habari zake na kugundua kwamba alifia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, kama alivyofia humo mwaka 1944 mtu halisi, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam. Mwisho wa Ilyas unahuzunisha, nami namhurumia. Lakini Ilyas ndiye aliyemfundisha dada yake kuandika, aliishi Ujerumani miaka mingi kabla ya kukamatwa, na dada yake hakupata barua.