NYIGU KARIBU NA NYUMBA: KUWAZUIA, NA KUSAIDIA MUTOTO ALIYEUMWA

Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto



Leo hatuongei juu ya malaria wala juu ya kuhara. Tunaongea juu ya mududu ambaye kila mama wa Kolwezi anamufahamu: nyigu. Wengi wanasema, "Nyigu ni kintu gani? Anauma, inavimba, inapita." Ni kweli, mara nyingi inapita. Lakini kuna watu ambao nyigu mumoja tu anaweza kuwaziba pumzi kwa dakika chache. Na mutoto mudogo aliyeumwa na nyigu wengi pamoja anaweza kuugua sana, hata kama muzazi wake hapati kitu akiumwa. Kwa hiyo sikilizeni vizuri.

1. Nyigu wanajenga namna gani?

Nyigu wa nyumbani wanatafuna mbao na vijiti vikavu, wanachanganya na mate, wanatengeneza kitu kama karatasi ya rangi ya majivu. Nyumba yao inaning'inia chini ya paa, imejaa vitundu, na ndani ya vitundu wanalea watoto wao. Mwanzo nyumba ile ni ndogo kama kifuniko cha chupa, na nyigu ni mumoja ao wawili. Ukiiacha, inakua kama kiganja cha mukono ao kupita, na walinzi wanakuwa wengi. Ukiona ingali ndogo, kazi ni nyepesi. Ukingojea, kazi inakuwa vita.

Kuna nyigu wengine wenye kiuno chembamba kama uzi, wanaojenga kwa udongo kwenye ukuta. Hawa wanakaa peke yao, wanajaza nyumba yao buibui kwa chakula cha watoto wao. Hawaumi watu ovyo. Unaweza kuwaacha.

Tena mujue: nyigu wanakula viwavi vinavyoharibu mahindi na mboga. Nyumba ya nyigu iliyo mbali, juu ya muti ambapo watoto hawapiti, uiache. Sisi tunakataza wale tu wanaojenga pale tunapopita na pale tunapolala.

2. Pahali pa kuangalia

Kila wiki, zaidi mvua zinapoanza mwezi wa 10 na wa 11, zunguka lupango lako na uangalie: chini ya paa, juu ya mulango na dirisha, ndani ya jiko, kwenye matundu ya matafali, ndani ya tairi kuukuu, na chini ya meza ya kuuzia makala ao mboga.

Usisahau musalani. Paa yake ni ya chini, hakuna moshi, na nyigu wanapenda utulivu. Mutoto akiumwa mule mara moja, hatarudi. Ataenda kujisaidia majanini, nzi watatua pale, kisha watatua juu ya bukari. Vile kuhara na kipindupindu vinapata njia. Kwa hiyo kuondoa nyigu musalani ni kulinda jamaa yote, na pengine majirani vilevile.

3. Kuwazuia wasijenge

- Ziba matundu ya ukuta kwa udongo ao simenti.
- Pahali pa kupitisha hewa, weka wavu. Chandarua cha zamani kisichofaa tena kitandani kinaweza kusaidia. Lakini kile kizuri kibakie kitandani, juu ya mutoto.
- Okota maembe yaliyoanguka na kuoza. Funika takataka.
- Funika munkoyo na vinywaji vyote vya sukari. Nyigu anaingia ndani ya kikombe, mutoto anakunywa, anaumwa kwenye ulimi ao kooni. Mwiba wa kooni ni hatari kupita mwiba wa mukono.
- Usimulaze mutoto muchanga chini ya paa ao chini ya muti kabla ya kuangalia juu.
- Wafundishe watoto: hapana kutupia nyumba ya nyigu mawe.

4. Kuondoa nyumba ya nyigu

Kama ingali ndogo, na nyigu ni mumoja ao wawili, mutu mukubwa anaweza kuiondoa. Afanye kazi hiyo jioni sana ao alfajiri, wakati wa baridi, maana wakati ule nyigu ni wazito. Avae mikono mirefu na suruali, afunike kichwa na shingo. Watoto wabakie ndani, mulango ufungwe. Taa asiishike mukononi, maana nyigu wanafuata mwangaza, aiweke pembeni. Atupe maji yenye sabuni nyingi kwa mara moja. Maji ya sabuni yanaziba vitundu ambavyo nyigu anapumulia. Nyigu wakisha kufa, aangushe nyumba kwa kijiti kirefu na kuiponda. Asipande juu ya kiti: akishituka ataanguka. Baada ya siku chache angalia tena, maana nyigu wanaweza kurudilia pahali pale pale.

Usitumie moto. Paa ya majani inawaka mara moja. Usitumie petroli ao mafuta ya taa. Na usiyaweke kamwe ndani ya chupa ya limonadi: mutoto atafikiri ni kinywaji. Dawa ya shamba usiipulize ndani ya nyumba.

Kama nyumba ya nyigu ni kubwa, ao wako ndani ya tundu la ukuta, ao ni nyuki, usijaribu. Uite mutu anayejua kazi ile.

5. Mutoto akiumwa

Mutoe haraka pale nyigu walipo. Usipigepige kwa mikono. Muingie ndani ya nyumba.

Nyigu haachi mwiba. Nyuki anauacha: uparuze kwa ukucha, upesi.

Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa chenye maji ya baridi. Toa pete, bangili na kamba ya mukono mbele mukono haujavimba. Kwa maumivu, mupe parasetamoli kwa kipimo ambacho munganga alikuonyesha, hapana kupita. Aendelee kunyonya. Mama aliyeumwa vilevile aendelee kunyonyesha. Maziwa yake hayana sumu.

Usichanje kwa wembe. Usipake mavi ya ngombe, wala udongo, wala maji ya batri.

Mama mumoja anaweza kuuliza: "Na jiwe nyeusi? Haisaidie?" Hapana, mama. Jiwe nyeusi halivuti sumu kutoka ndani ya damu. Linakula wakati wako tu.

6. Alama za hatari

Kimbia lupitalo mara moja ukiona moja ya hizi:

- midomo, ulimi ao uso unavimba;
- mutoto anapumua kwa shida, ao sauti yake inabadilika;
- vipele vinatoka mwili muzima, pahali pasipoumwa;
- anatapika, analegea ao anazimia;
- ameumwa ndani ya kinywa ao kwenye jicho;
- ameumwa pahali pengi, hata kama anaonekana muzima. Sumu nyingi inaweza kuharibu mafigo. Mukojo ukiwa mweusi kama chai kali, usingoje.

Njiani mulaze chali, miguu juu kidogo. Kama anapumua kwa shida, akae kwenye mapaja yako. Kama anatapika ao amezimia lakini anapumua, mulaze kwa ubavu. Lupitalo kuna sindano ya adrenalini. Inapigwa kwenye paja, na inafungua pumzi. Lakini inasaidia yule anayefika mapema. Usimungoje baba arudi kazini. Usingoje kupata franka. Mukopo utalipwa, pumzi haikopeshwi.

Wengine wanasema, "Mwili yote inavimba, ni bulozi, tuende kwanza ku maombi." Wamama, hii si bulozi. Ni mwili unaokataa sumu ya nyigu kupita kipimo. Kuomba ni kuzuri: ombeni mukiwa njiani kuja lupitalo.

Na yule aliyevimba mwili muzima mara moja, siku ingine inaweza kuwa mbaya zaidi. Mwambieni munganga, iandikwe kwenye karte yake, na mujulishe mwalimu wake.

Sasa tukumbuke mambo matatu:

Angalia juu kila wiki. Ondoa nyumba ingali ndogo. Pumzi ikishikwa, kimbia.

Mama aliye na ulizo alitoe sasa, mbele hatujaanza kupima watoto. Mukifika nyumbani leo, muanzie musalani. Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.