Maji Hayajulikani kwa Macho
Matini ya mazungumzo na familia za Ladywood



Niliwahi kufasiri barua iliyoonya kuhusu risasi katika mabomba ya maji. Mama mmoja alipoisoma aliniuliza kwa hofu ni nani aliyepigwa risasi. Kosa halikuwa lake. Lugha yetu hutumia neno moja kwa vitu viwili. Risasi ninayoisemea leo ni metali laini ya kijivu, ambayo zamani ilitengenezewa mabomba nchini humu.

Kwanza tujue maji yetu yatokako. Hayatoki katika bwawa la Edgbaston tunakopunga upepo jioni. Bwawa lile lilijengwa kulisha mifereji ya mashua. Sehemu kubwa ya maji ya Birmingham hutoka bonde la Elan, Wales. Tangu mwaka 1904 huteremka kwa mwinamo wa ardhi, kiasi cha kilomita 118, hadi Frankley, yanakosafishwa. Kampuni ya Severn Trent huyapima katika mitambo, katika matangi na katika baadhi ya nyumba za wateja, nayo husimamiwa na idara ya serikali ya ukaguzi wa maji ya kunywa.

Hupimwa vijidudu, metali, dawa za kilimo na kemikali za viwandani. Miongoni mwa hizo ni jamii iitwayo PFAS, iliyotumika katika vikaango visivyogandisha chakula, nguo zisizopenya maji na povu la kuzimia moto. Huchukua muda mrefu mno kuoza. Mwongozo wa Uingereza unataka jumla ya aina 48 za kemikali hizo iwe chini ya mikrogramu 0.1 katika lita moja.

Hata hivyo, maji yaliyotoka Frankley yakiwa salama yaweza kuharibika katika hatua chache za mwisho. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1970 huenda ingali na bomba la risasi. Maji yakilala humo usiku kucha, hunyonya metali hiyo. Sheria hairuhusu zaidi ya mikrogramu 10 kwa lita. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na mimba pia haisalimiki nayo. Haina rangi, harufu wala ladha katika maji.

Kwetu tulifunzwa kuchemsha maji, na lilikuwa funzo jema, kwani moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini risasi haina uhai, basi haifi. Maji yakipungua kwa mvuke, risasi hubaki birikani.

Wengi wenu mwakumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru majirani zake kwa risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alijua kilichomsibu mwanawe pale damu ya mtoto ilipopimwa. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Shaka yao ilipata nguvu kwa kipimo.

Basi, tufanye haya:

Tazama bomba linaloingia nyumbani, aghalabu chini ya sinki la jikoni. Likwaruze taratibu kwa sarafu. Likiwa laini, la kijivu, na kung'aa kama fedha penye mkwaruzo, huenda ni risasi.

Ipigie simu kampuni ya maji, uombe kupimiwa risasi, na uulize kama kipimo ni bure. Omba mkalimani, usimbebeshe mtoto kazi ya kukufasiria. Matokeo ya maji ya mtaa wako pia hupatikana kwenye tovuti ya kampuni kwa msimbo wa posta.

Ukiwa mpangaji, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, ubaki na nakala. Bomba lililo ndani ya mipaka ya nyumba ni dhima ya mwenye nyumba, si ya kampuni. Asipojali, peleka shauri lako kwa maofisa wa afya ya mazingira wa Halmashauri ya Jiji la Birmingham.

Wakati unasubiri, kila asubuhi fungulia bomba la maji baridi jikoni hadi beseni la kuoshea vyombo lijae, ndipo uchote ya kunywa, ya kupikia na ya maziwa ya mtoto. Ya beseni yamwagilie maua. Usinywe wala kupikia maji ya bomba la moto. Kuoga na kutawadha hakuna hofu, kwa kuwa risasi ya majini haipenyi ngozi kwa kiasi cha kudhuru.

Mwenye mimba au mtoto mchanga katika nyumba kuukuu asingoje. Azungumze pia na mkunga au daktari wake.

Kuuliza juu ya maji si utovu wa shukrani kwa nchi iliyotupokea. Ankara tunalipa, na watoto ni wetu.