Pikapu Kuukuu Katika Barabara ya Mpakani
Hotuba kwa wamiliki, madereva na mafundi wa magari, Mutukula

Leo hatukuja kukamata mtu, wala hatukubeba vitabu vya faini. Tumekuja kuzungumza juu ya zile pikapu za zamani zinazobeba ndizi, samaki na magunia ya maharage kati ya hapa, Kyotera na Masaka, na ng'ambo ya pili hadi Kyaka na Bukoba.

Wengi wenu mnaendesha Peugeot 504, gari ambalo lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na baadhi yake kuunganishwa huko Kenya. Ni gari lenye moyo mgumu, na hatuna ugomvi nalo. Sisi wenyewe tulipata kuwa na pikapu ya doria ya umri huohuo, na aibu ya kuisukuma mbele ya watu tuliokuwa tunakwenda kuwakagua tunaijua vizuri.

Tuanze na jambo lililotuleta. Usiku mmoja tuliitwa kwenye mteremko ambako pikapu ilikuwa imezimika ikiwa na shehena, taa zote zimekufa, nusu yake ikiwa juu ya lami. Kijana wa bodaboda hakuiona. Aligonga ubao wa nyuma akavunjika paja, na hadi leo anatembea kwa gongo. Mwenye gari si mzembe. Katika muda wa miezi mitatu alikwisha kununua betri mbili na alteneta moja. Fundi aliyeitazama kesho yake alikuta ugonjwa mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyepatazama: waya wa ethi, ule unaounganisha injini na chasisi, ulikuwa umeoza ukabakiza nyuzi chache.

Hapa tunaomba tutulie kidogo, kwa maana gari kuukuu likifa umeme, hapa ndipo mara nyingi kosa lilipo. Umeme hutoka kwenye betri kupitia waya, ukawasha taa au kuzungusha stata, kisha lazima urudi nyumbani. Njia yake ya kurudi ni chuma cha gari lenyewe. Chuma kikishika kutu, au rangi ikipakwa juu ya mahali pa kufungia ethi, umeme hukosa njia na kutafuta uchochoro. Ndipo utaona maajabu: unakanyaga breki, indiketa inawaka, unawasha taa kubwa, taa za nyuma zinafifia, unapiga stata, na waya wa akselereta au wa choki unapata moto mpaka unatoa moshi, kwa sababu umeme wote wa stata unarudi kupitia humo. Mtu asiyejua husema gari limerogwa.

Kipimo chake ni rahisi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, kwenye chuma kitupu, kisha mwenzako apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Safisha kwa msasa, badilisha waya, kaza nati. Rudia hivyo kwenye chasisi taa zikiwa zimewashwa. Na ninyi mliovua bodi ya chuma mkaweka ya mbao, sikilizeni: mbao haipitishi umeme. Taa ya nyuma iliyopigiliwa kwenye ubao inahitaji waya wake wa kurudi hadi kwenye chasisi. Tumesimamisha pikapu nyingi zenye taa nzima na balbu mpya ambazo hazikuwaka kwa sababu hiyo tu.

Kabla ya kununua alteneta, pima betri. Ikiwa imejaa na imepumzika, husoma kama volti 12.6. Washa injini, ongeza mafuta kidogo: ikipanda kati ya 13.8 na 14.4, alteneta haina kosa. Na mtu asiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi inayoungua kila mara inaonyesha kwamba kuna waya unaogusa chuma mahali fulani. Ukiinyamazisha, waya huo utaungua wenyewe, na pengine gari zima.

Kuna gari linalozimika likipata moto, kisha baada ya nusu saa linawaka kana kwamba hapakuwa na neno. Madereva wengi hulaumu petroli kugeuka mvuke kwenye pampu, wakaifunga kitambaa chenye maji. Pengine ni kweli. Lakini koili iliyochoka hufanya vilevile. Njia ya kutofautisha ni kupima wakati uleule gari limekufa, si baada ya kupoa. Chomoa waya wa plagi, uuweke karibu na bloku ukiushika kwa kitambaa kikavu, mbali na petroli: cheche ikiwa ya buluu na yenye nguvu, nenda kwenye mafuta, ikiwa ya manjano na dhaifu, au isipokuwapo, tazama pointi, kondensa na koili. Mwanya wa pointi uwe takriban milimita 0.4. Pointi zikiungua upesi mara kwa mara, mtuhumiwa ni kondensa.

Juu ya breki tutasema machache, kwa maana hayana mjadala. Kanyagio likizama polepole ukiwa umelikandamiza, gari lisitoke nyumbani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yakizeeka huchemka kwenye mteremko mrefu, na kanyagio hubaki kama sifongo. Teremka kwa gia ndogo. Aliyeweka maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki, na tumemkuta, hatutamtaja.

Jambo la vipuri linatuhusu sisi moja kwa moja. Injini iliyonunuliwa ng'ambo bila risiti, na namba yake isiyolingana na hati ya usajili, itakusimamisha mpakani hata kama ni mali yako halali. Badilisha hati unapobadilisha injini, na utunze risiti.

Na gari likiharibika, lisukumeni nje ya lami kwanza. Kutafuta kosa kutafuata. Wekeni pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma, mbali vya kutosha ili mwenye mwendo aweze kusimama. Matawi hayaonekani usiku, na mawe mnayoyaacha barabarani baada ya kuondoka yamekwisha kuangusha pikipiki.

Siku ya soko lijalo, asubuhi, tutakuwa hapa kando ya uwanja pamoja na mafundi wawili na mita. Njooni na pikapu zikiwa tupu, kabla ya kupakia, tupime ethi na taa za nyuma. Hapatakuwa na malipo, na siku hiyo hatutaandika kosa la mtu.