Mnyama wa Msamaria na Nyumba ya Wageni

Dominika ya 15 ya Mwaka C



Ndugu wapenzi katika Kristo, Injili ya leo, iliyoandikwa na Mtakatifu Luka katika sura ya 10, tunaifahamu tangu tulipokuwa wakatekumeni. Mtu mmoja anashuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Wanyang'anyi wanampiga na kumwacha karibu ya kufa. Kuhani anapita, Mlawi anapita, Msamaria anasimama. Mara nyingi tunahubiri juu ya huruma ya Msamaria huyo, nasi twafanya vema. Leo tunawaomba mtazame vitu viwili tusivyovitilia maanani: mnyama wake wa kupanda, na ile nyumba ya wageni.

Msamaria alikuwa na mafuta, divai, mnyama na fedha kidogo. Kitanda hakuwa nacho. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa na kitanda na chakula, lakini hakuwapo njiani, wala hakujua kwamba kuna majeruhi. Kama Msamaria angengoja mpaka ajenge nyumba yake mwenyewe ya kulaza wagonjwa, mtu yule angekufa. Na kama mwenye nyumba angemkataa kwa kuwa ameletwa na mtu wa dini nyingine, angekufa vilevile. Lakini mmoja alitoa usafiri, mwingine akatoa malazi, nao wakaelewana tangu mwanzo nani atalipa gharama. Huruma ilianza moyoni mwa mtu mmoja. Kazi yake ilihitaji wawili.

Neno hili lisiwe geni kwetu sisi wa Tabora. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, na kutoka hapa njia ziligawanyika, moja kuelekea Ujiji, nyingine kuelekea Karagwe na Buganda. Wazee wetu Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Mtu alichukua begani mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Nao walijua jambo moja: pori la Mgunda Mkali halivukwi na mtu peke yake. Wenye mizigo michache walijiunga na msafara mkubwa, wakatembea pamoja na kulinda pamoja.

Lakini tusiipambe historia. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, na aliyeishiwa nguvu aliachwa kando ya njia. Njia ni ile ile. Tofauti ni moyo wa wale wanaoipita.

Mwaka 1873 David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, miongoni mwao Susi, Chuma na Jacob Wainwright, waliukausha mwili wake na kuuchukua kwa miguu. Walipofika kwetu Unyanyembe, Cameron, msafiri Mwingereza, aliwashauri wamzike hapa. Wakakataa. Waliendelea na safari, na mwezi Februari 1874 wakaufikisha mwili huo Bagamoyo. Hawakuwa wa kabila moja wala dini moja. Walipokezana mzigo huo mpaka pwani. Ndugu, ikiwa watu wale walimbeba maiti kwa muda wa miezi mingi, sisi tutajibu nini juu ya mgonjwa aliye hai, aliye umbali wa saa mbili tu na hospitali?

Tuseme ukweli mbele ya Mungu. Mwaka mmoja, wakati wa masika, sisi wenyewe tulikuwa katika gari la kanisa lililokwenda mjini kuchukua vifaa vya semina. Viti vitatu vilikuwa vitupu. Njiani alikuwapo mzee mmoja amekaa juu ya gunia, na mwanawe amesimama akipunga mkono. Hatukusimama. Tulijiambia kwamba mafuta yale ni ya semina, na kwamba mzee yule si wa parokia yetu. Tulipokuwa tukirudi jioni tulimkuta palepale. Semina ile ilihusu matendo ya huruma. Tangu siku hiyo, kila tunapoisoma Injili ya leo, tunajua katika habari hii sisi ni nani, wala si Msamaria.

Wapendwa, katika mkoa wetu nyumba za wageni zipo. Wakatoliki wana hospitali ya Ndala, Wamoravian wana Sikonge, Wapentekoste wana Nkinga, na Serikali ina Kitete. Makanisa yetu yameonyesha kwamba kushirikiana kunawezekana: mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda pamoja Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ili kazi za afya na elimu ziwe na sauti moja. Serikali nayo, mwaka 2022, ilizindua mpango wa kueneza nchini kote mfumo wa m-mama, ambao mwanzo wake ulikuwa katika Kanda ya Ziwa. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipatwa na dharura, simu hupigwa bila malipo kwa namba 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa palepale kijijini, naye hulipwa kwa safari yake. Makatekista, namba hiyo ifundisheni katika kila jumuiya ndogondogo.

Lakini mfumo huo ni kwa ajili ya mama na mtoto mchanga. Mzee mwenye macho yaliyofumba atapelekwa na nani? Na mtoto mlemavu anayetakiwa kliniki kila mwezi? Hapo ndipo wanapongoja Karitasi ya parokia, WAWATA, vikundi vya Wamoravian na Walutheri, na ndugu zetu wa misikitini. Kikundi kimoja kina gari lakini hakina mafuta. Kingine kina fedha kidogo lakini hakina gari. Cha tatu kinawajua wagonjwa wote wa kijiji, lakini hakina cha kuwapa. Kila kimoja kinaomba wafadhili wakipe kila kitu, na wakati huo gari linalala chini ya mwembe.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, liwepo daftari moja la safari, ambamo kila mwenye gari anaandika siku anayokwenda mjini na viti anavyobakiza. Pili, iwepo orodha moja ya wahitaji, isiyouliza dini. Tatu, uwepo mfuko mmoja wa mafuta na matengenezo, na hesabu zake zisomwe hadharani kila mwezi. Nne, achaguliwe mtu mmoja wa kujibu simu, anayeaminiwa na wote.

Wengine watasema kwamba gari la wengi huharibika upesi, na fedha za wengi huleta manung'uniko. Ni kweli. Hata Kanisa la kwanza lilipata manung'uniko juu ya wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Tunasoma hayo katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Mitume hawakuufunga mgawo. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema, wakakabidhiwa kazi hiyo. Utaratibu na hesabu safi ni sehemu ya upendo.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwetu huonekana mwepesi kwa sababu hatujauinua. Wiki hii, kila jumuiya imtafute mgonjwa mmoja ambaye ameshindwa kufika hospitali kwa kukosa usafiri, na imtafute jirani mmoja wa kanisa jingine au wa msikitini wa kusaidiana naye kumfikisha. Mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Sisi hatuna haja ya kuuliza. Amekaa juu ya gunia, kando ya barabara, anangoja.